Mvua ya Harusi ya Yaya Zaina

Tulipokuwa watoto kule Wamaza, mtu akitaka kwenda Kasongo alianza kwa kutazama juu. Alitoka nje asubuhi na kikombe chake cha chai, akaangalia mawingu ya upande wa mashariki, akaangalia moshi wa jikoni unaelekea wapi, akamwuliza jirani maoni yake, akayakataa maoni ya jirani, kisha akarudi ndani kumwambia mkewe kwamba safari itakuwa wiki ijayo, Mungu akipenda. Ninyi wa umri wangu mnajua ninachosema. Watoto wa leo wakisikia habari hizi wanadhani tulikuwa wavivu.

Kiangazi kilikuwa wakati wa miguu. Nyasi zilichomwa, vumbi jekundu likapanda mpaka kwenye nyusi, na watu ambao mvua ilikuwa imewafungia majumbani wakatoka wote kwa pamoja kama kuku waliofunguliwa. Harusi zilifanywa kiangazi. Matanga yaliyochelewa yalimalizwa kiangazi. Wajomba wa Kabambare walikuja kutusalimia kidogo tu, wakakaa mpaka muhogo wa shamba la karibu ukaisha. Sisi watoto tulifuata moto wa porini kuwinda panya, tukirudi weusi kwa majivu hata Mama akatutambua kwa sauti.

Halafu mvua ikaja, na dunia ikageuka. Kumbikumbi walitoka ardhini, tukawaokota kwa masufuria na kuwala wengine wangali wanapiga mabawa. Uyoga ukaota. Vyura wakafungua kanisa lao nyuma ya nyumba. Kwenda shule ulifunika kichwa kwa jani la mgomba na daftari ukaliweka ndani ya nguo, kifuani, kwa hiyo mpaka leo nikisikia neno "hesabu" nasikia baridi ya kifua. Paa la shule lilikuwa la mabati. Mvua ilipolipiga, mwalimu alifungua mdomo mara mbili tatu, akaona hasikiki, akaweka chaki mezani, akaketi, akatutazama. Nasi tukamtazama. Ndiyo sababu kizazi chetu hakijui sehemu: somo la sehemu lilikuwa mwezi wa kumi na moja.

Nyumbani kwetu kulikuwa na watabiri watatu wa mvua, na sikumbuki siku waliyopatana.

Wa kwanza alikuwa Baba, Fundi Saleh. Alikuwa mshonaji, na mashine yake ilikaa barazani ikielekea barabara, ili aweze kumwuliza kila mwenye kinga aliyepita mvua iko wapi. Kinga ndivyo tulivyoiita baiskeli. Wenye kinga walitoka Salamabila, walitoka Kabambare, walitoka Kasongo na chumvi na sabuni, na kila mmoja alimwachia Baba habari: kule imenyesha, kule bado, kule daraja limelala. Baba alizishona habari hizo pamoja kama vipande vya kitambaa, kisha akatoa hukumu. Wakati wa kutoa hukumu alivua miwani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kuongea na mvua yenyewe. Tatizo lake lilikuwa moja tu, kwamba alikosea.

Wa pili alikuwa Shangazi Mwavita, dada mkubwa wa Baba, mjane aliyekaa nasi. Yeye alikuwa na goti. Goti lile liliuma mvua ikikaribia, lakini liliuma vilevile akitumwa maji, akiitwa shambani, au mtu akimpinga, kwa hiyo haikuwa rahisi kujua linasema nini.

Wa tatu alikuwa Mama. Mama hakutabiri. Yeye alianika tu muhogo wake juu ya mwamba nyuma ya jiko, na mvua ikanyesha. Jirani zetu waliokuwa na mashamba makavu walikuwa wanakuja kumwomba kwa adabu aanike kidogo.

Sasa mwaka ninaotaka kuusimulia, dada yangu mkubwa, Yaya Zaina (kwetu dada mkubwa huitwa yaya), alikuwa ameposwa Kasongo. Mchumba wake aliitwa Ramazani. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, muuza sabuni sokoni, mwenye sauti ndogo hata ukimkaribia ilibidi utege sikio. Harusi ilipangwa mwezi wa saba, katikati ya kiangazi, wakati ambao hata mtu mwenye goti angeweza kusafiri. Lakini Baba alikuwa fundi, na mwezi wa saba kila mtu anaoa. Alishona nguo za harusi za watu wote mpaka Wamaza nzima ikawa imeoa, na ya binti yake bado imekatwa tu, iko mezani. Mwezi wa nane akasema anamalizia. Mwezi wa tisa mawingu ya kwanza yakaonekana, na ndipo mwuza chumvi mmoja mwenye kinga alipotuletea ujumbe kutoka Kasongo.

Ujumbe ulikuwa wa Mama Salima. Mama Salima alikuwa nyanya yake Ramazani, mzaliwa wa Nyangwe, mwanamke wa Lualaba, mtoto wa wapiga kasia. Ndiye aliyemlea Ramazani. Tangu mwanzo hakupenda mjukuu wake aoe mbali, tena nchi kavu, kwa watu wasiojua samaki. Kwao Nyangwe alikuwa amemwona msichana mwingine, mzuri, mpishi, na nyumba yao iko karibu.

Mwuza chumvi aliegemeza kinga yake ukutani, akakohoa, akasema, "Mama Salima anasema hivi: hii Ijumaa inayokuja, bibi harusi awe Kasongo. Ijumaa ikipita, mutoto wao ataoa Nyangwe. Njo vile anasema. Mimi nimetumwa tu."

Yaya Zaina alikuwa anachambua sombe, yale majani ya muhogo, mlangoni. Niliona tu mikono yake imesimama juu ya majani.

Baba alivua miwani. "Hii mvua inayokuja iko ya kumbikumbi tu," akasema. "Itanyesha kidogo, halafu itatuachia wiki mbili za jua. Tutaenda Jumatano na miguu mikavu."

"Saleh," akasema Shangazi, "goti yangu haiseme wiki mbili. Inasema kesho."

"Yaya, goti yako inasema kesho tangu mwezi wa sita."

"Na kesho itafika."

Mama aliinuka. Alikwenda nyuma ya jiko akaanua muhogo wake wote, hata ule mbichi, akauficha ndani. Kwa Mama, huo ulikuwa mchango mkubwa katika safari.

Tuliondoka Jumatano jua likiwaka, na Baba akatembea mbele akipiga mluzi. Kinga yake ilibeba sanduku la Yaya Zaina, mikeka, na gunia la mchele. Mama alibeba masufuria. Shangazi alibeba kapu la mikate iliyokaangwa kwa mawese, nami nilibeba kuku wawili na mwavuli, mwavuli mmoja wa watu wote, ambao Baba alisema ni mzigo wa bure. Wachukuzi wawili, vijana wa jirani, walitusaidia. Yaya Zaina alikwenda katikati na nguo zake za siku zote, kwa sababu nguo ya harusi ilikuwa sandukuni, imefungwa kwa nailoni. Kila nyumba ya barabarani ilitutolea maji na kutuuliza bibi harusi ni yupi, na Shangazi akaonyesha kwa kidole, akaanza kusifu, na tukachelewa.

Alhamisi, kabla ya adhuhuri, mvua ya kumbikumbi ilikuja. Sijui kumbikumbi wa aina gani wanahitaji maji yale yote. Ilianza kwa upepo ulioupindua mwavuli, ikafuata radi, kisha mbingu ikafunguka kama gunia lililokatwa chini. Barabara nyekundu ikawa mto, halafu ikawa uji. Tulitembea tumeshikana mikono. Kila aliyeanguka alimvuta mwenzake, na kwa kuwa Shangazi alikuwa mzito kuliko wote, tulijifunza kumwacha aanguke peke yake.

"Ni ya kupita," Baba akasema, maji yakimtiririka puani.

Nyuma yake Shangazi alianguka tena.

Mvua ilipopungua tukafika kwenye bariere. Wenzangu mnazikumbuka bariere za mvua: mti umelazwa katikati ya barabara ili malori yasipite kwenye udongo mbichi na kuuharibu. Watu wa miguu walipita tu pembeni. Lakini mlinzi wa bariere ile alikuwa mtu aliyeipenda kazi yake. Alitoka kwenye kibanda chake amejifunika gunia, akatutazama, akatazama kinga.

"Watu, pita," akasema. "Kinga, hapana."

"Kwa nini, ndugu yangu?" Baba akauliza.

"Iko na magurudumu. Amri ni ya magurudumu."

Baba alimweleza habari ya harusi. Mama alimweleza habari ya Ijumaa. Shangazi alimweleza habari ya goti. Mlinzi alisikiliza kwa huruma kabisa, akatikisa kichwa, akasema pole, na kinga haipiti. Basi Baba akafungua kamba, akashusha mizigo yote, akainua kinga ile akaiweka kichwani, gurudumu moja mbele na moja nyuma, akasimama mbele ya mlinzi.

"Na sasa?"

Mlinzi alifikiri. Alizunguka nyuma ya Baba, akarudi mbele. "Sasa iko muzigo," akasema, na akatuinulia mti kwa heshima kama tulikuwa lori.

Tulilala kijiji kilichofuata, kwa familia ambayo Baba aliwahi kuishonea nguo za Idi. Walituwashia moto, wakatupa viazi vya kuchoma. Yaya Zaina alikaa karibu na moto akikausha sanduku lake, si yeye mwenyewe. Niliona ametulia mno, nikamwuliza kama ana baridi.

"Kule Nyangwe," akasema taratibu, "mutu anatoka nyumbani kwake anafika Kasongo nguo yake ingali imepigwa pasi." Kisha akageuza sanduku upande wa pili.

Ijumaa asubuhi aliivaa nguo ya harusi palepale, kwa kuwa Mama alisema hata kama bibi harusi atafika na tope, tope hilo liwe juu ya nguo inayostahili. Tukaenda haraka. Kilichobaki kati yetu na Kasongo kilikuwa mto mmoja mdogo, Kamilamba, ambao kiangazi tuliuvuka tukiwa tunaongea, bila kutazama chini. Juu yake palikuwa na magogo manne.

Tulipofika, magogo yalikuwa yamekwenda. Kamilamba ilikuwa pana, nyekundu, inanguruma, imebeba matawi na jogoo mmoja aliyekaa juu ya tawi kama mheshimiwa. Na ng'ambo ya pili, chini ya majani ya migomba waliyokuwa wameyashika vichwani, tukaona watu. Walikuwa upande wa Ramazani. Waliposikia mvua walifuata njia kuja kutupokea mtoni, kama desturi, na sufuria kubwa la nyama ya mbuzi kwa ajili ya wasafiri. Walikuwepo baba yake, mwalimu wa msikiti, vijana kadhaa, Ramazani mwenyewe katika kanzu iliyokuwa nyeupe mpaka magotini na kuanzia hapo nyekundu kwa tope. Na mbele yao wote, juu ya kiti alichobebewa kutoka mjini, alikuwa ameketi Mama Salima.

Watu wengine wangeanza na jambo lenyewe. Lakini sisi ni watu wa adabu. Baba aliweka mikono mdomoni akapiga kelele, "Hamujambo!"

"Hatujambo!" wakajibu ng'ambo. "Habari za safari?"

"Njema! Na huko nyumbani?"

"Wazima! Na mvua?"

"Ndogo tu!" akasema Baba.

Ikawa hivyo kwa muda mrefu, mpaka tukawa tumeuliza hali ya watu wote wa Wamaza na Kasongo, pamoja na wagonjwa. Ndipo baba yake Ramazani, aliyekuwa mtu wa kukata tamaa mapema, alipopiga kelele kwamba haya ni mambo ya Mungu, maji hayapitiki, tena leo ndiyo Ijumaa yenyewe, kwa hiyo afadhali kila mtu arudi kwake, halafu wazee watakaa kuangalia upya.

Kuangalia upya. Sote tulijua maana yake ni Nyangwe. Yaya Zaina alishusha mtandio juu ya uso. Mama akamshika bega. Baba alivua miwani, kisha akaivaa tena bila hukumu.

Hapo Mama Salima akainuka. Aliifuata ile Kamilamba mpaka ukingoni, akaitazama toka juu mpaka chini, kama mtu anayetazama mtoto wa jirani aliyemtukana. Kisha akamgeukia mwanawe, baba yake Ramazani, na sauti yake ilivuka maji bila taabu yoyote.

"Haya njo maji munaogopa?"

"Mama, mto umejaa," mwanawe akasema.

"Mto? Mimi nimezaliwa Nyangwe. Nimevuka Lualaba na mutoto mugongoni, na mawimbi. Leo watasema Mama Salima alirudishwa na kijito? Na nyumbani nitaeleza nini? Mwalimu! Huyu kijana ataoa. Hapa hapa. Maneno haina haja ya mutumbwi."

Nimefikiri sana juu ya dakika ile. Mwanamke yule hakuwa ametupenda ghafla. Alikuwa hawezi tu kushindwa na mto mdogo. Lakini ndoa imara zimejengwa juu ya mambo madogo kuliko hayo.

Mwalimu alikuna ndevu zake. Akasema kwamba baba wa binti yupo, mume yupo, mashahidi wapo pande zote mbili, na mahari ilikwisha kulipwa. Kinachotakiwa ni maneno yasikike wazi. Basi Baba akapanda juu ya kichuguu, akajisafisha koo, akapiga kelele kwa nguvu zake zote: "Ramazani! Nimekuozesha binti yangu Zaina, kwa mahari tuliyokubaliana!"

Kamilamba ilinguruma. Ng'ambo tuliona mdomo wa Ramazani ukifunguka na kufungwa.

"Amesema nini?" Baba akauliza.

Mchukuzi mmoja, aliyejisifu kwa masikio yake, akasema, "Amesema, nimebadili."

"Amebadili?" Baba akawaka kwa hasira. "Umebadili nini, we kijana?"

Ng'ambo nako kukawa na fujo, kwa kuwa walikuwa wamesikia Baba akigomba na hawakujua kwa nini. Mwalimu akainua mikono. "Nimekubali! Amesema nimekubali!" Lakini akaongeza kwamba hivi haifai, mashahidi wa upande wetu lazima wasikie kwa mdomo wa mume mwenyewe, na warudie yote. Shangazi Mwavita, mwenye sauti kubwa kuliko wote, akajitolea kuwa mume kwa muda. Alikatazwa.

Baba akarudia maneno yake. Na Ramazani, mtu yule wa sauti ndogo, alivua viatu, akamkabidhi nyanya yake, akaingia majini ili atukaribie. Akafika magotini. Akafika mapajani. Kanzu ikavimba pande zote kama kuku anayeatamia. Akafungua mdomo, lakini maji yalimsukuma akayumba, akashika tawi.

Yaya Zaina akasimama. "Hajui kuogelea," akaniambia. "Amelelewa na mutu wa Nyangwe, hajui kuogelea, yeye mwenyewe alinieleza." Akafunua mtandio mbele ya wakwe wote, akaenda ukingoni, akapiga kelele ambayo sikujua anayo ndani yake:

"Ramazani! Sema, halafu utoke kwenye maji!"

"Nimekubali!" akalia Ramazani. Alisikika mpaka kwa mlinzi wa bariere. Kisha akageuka akatoka kwenye maji, mbio.

Amri ile ndiyo ilikuwa ya kwanza ya dada yangu kwa mume wake, na shemeji anakubali mwenyewe kwamba tangu siku ile hajawahi kufanya vinginevyo. Wanawake wa ng'ambo walipiga vigelegele, sisi tukajibu. Mama Salima alicheka akashika ubavu, na viatu vya mjukuu wake mkononi.

Sasa ikabaki shida ya chakula. Upande wetu tulikuwa na mchele na mikate. Upande wao walikuwa na nyama. Tulipika wali wetu chini ya mwavuli uliopinduka, tukaula mtupu, tukiwatazama wakitafuna nyama bila kitu, nao wakitutazama. Vijana wa kule walifunga paja la mbuzi kwa majani wakalirusha. La kwanza lilichukuliwa na maji, sawasawa na jogoo yule. La pili lilimpata Baba mgongoni, na tukalila na sala ya shukrani. Sisi tukarusha mikate. Ilifika imelowa, lakini Mama Salima aliionja akauliza nani ameikaanga, na Shangazi akajibu kwa kirefu.

Alasiri maji yalishuka, kama yanavyoshuka mito midogo, haraka na bila kuomba radhi. Vijana walivuta kamba ya mimea itambaayo ya porini toka mti hadi mti. Wa kwanza kuvuka alikuwa Mama Salima, kuja kwetu, maji kiunoni, akikataa mkono wa kila mtu. Alisimama mbele ya Yaya Zaina, maji yakimchuruzika, akamtazama na tope lake lote.

"Wewe njo ulimuita mume wako kama mbuzi?"

"Ni mimi, nyanya," akasema Yaya Zaina, macho chini.

"Ndiyo vizuri. Mimi nimemuita miaka yote, nilikuwa nachoka." Akamshika mkono, akamvusha mwenyewe.

Mama Salima aliishi miaka mingi baadaye, na alikaa nyumbani kwa Yaya Zaina mpaka mwisho, akila sombe kuliko samaki. Yule msichana wa Nyangwe aliolewa vizuri na mtu wa Kindu. Baba naye, mpaka anafariki, alisimulia kwamba alikuwa ametabiri sawa, kwa sababu baada ya harusi ile lilifuata jua la wiki mbili kamili. Ni kweli lilifuata. Mama alisema ni kwa sababu muhogo ulikuwa bado ndani.

Siku hizi mimi nakaa Kasongo. Mwezi uliopita nilitaka kwenda Wamaza kuona makaburi, na mtoto wa mwisho wa Yaya Zaina, Amuri, akasema atanipeleka na pikipiki yake. Nilitoka nje asubuhi na kikombe changu, nikaanza kutazama juu.

"Mama mudogo, unatafuta nini?" akaniuliza.

Akanionyesha simu. Ndani yake palikuwa na jua dogo, na wingu dogo, na saa. "Mvua itakuja jioni. Tutakuwa tumefika." Safari yote ilipangwa kwa kidole gumba. Vijana hawa wanajua mvua ya kesho kutwa, na hawajui jina la jirani. Amuri alijifunga nailoni toka kichwani mpaka kwenye soli, kama mzigo wa posta, masikioni amejaza muziki, na tukaondoka. Vijiji vilipita kama kurasa zinazopeperushwa na upepo. Nilitaka kumwonyesha nyumba tuliyolala usiku ule, lakini nilipomgonga mgongoni tulikuwa tumeshaiacha nyuma.

Mvua ilitupata kabla ya saa sita. Amuri alisimamisha pikipiki, tukakimbilia baraza ya nyumba moja ya udongo, na yeye akainua simu juu ya kichwa, akitafuta rezo, ule mtandao wa simu, ili aiulize kwa nini mvua inanyesha. Nilicheka, kwa sababu alikuwa amekasirika kama Baba alipokosea.

Lakini nilipokuwa nimeketi pale, nikaanza kukumbuka jinsi Baba alivyopanga safari. Mvua ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa watu: tutakunywa maji kwa fulani, tutamsalimia fulani aliyefiwa, mvua ikitukuta hapa tutaingia kwa fulani, mkewe ni wa ukoo wa mama yenu. Alikosea mvua kila mara. Watu hakuwahi kuwakosea. Toka Wamaza mpaka Kasongo hapakuwa na mlango ambao hakujua ataitwaje akibisha.

Mwenye nyumba akatoka, mama mzee, akatuletea kiti kimoja na akaniwekea mimi. Akasimama akitutazama, kama walivyotutazama zamani. Akauliza kwa upole, "Muko watu wa nani?"

Amuri hakuondoa macho kwenye simu. "Tuko wapita njia tu, mama," akasema.

Hakumaanisha ubaya. Mama yule aliitikia kwa kichwa, akarudi ndani. Nami nilikuwa na jina la baba yangu mdomoni, na la shangazi, na la mama, nikitafuta nianze na lipi, wakati mvua ilipokatika ghafla na kijana akawasha pikipiki.